Kawaida

Mama Nsimire ameirudisha flashi mara ya tatu,
ameitupa mezani kama mtu anayemrudishia
mchinjaji nyama iliyochacha.
"Cishugi, harusi ya mwanangu umeisonga na mchanga.
Uso wake matofali. Shela, ukungu wa Nguba alfajiri."

Sibishi. Macho ninayo.
Hapa ndani, ninapokata na kuunga, shela ni shela,
kila ushanga na nuru yake;
nikishaitoa tu, nikisema haya, zaliwa,
inazaliwa na ndui.

Kwanza nimemlaumu Murhula, mpiga picha,
kwa kuwa yuko Panzi, na kumlaumu aliye mbali
hakuli unite.
Nimefungua kadi yake: picha safi, jasho la padri linahesabika.
Samahani, Murhula. Hutajua nilivyokutukana.

Kisha kompyuta, iliyokwisha kunywa chai mara mbili.
Kisha runinga ya mama, kubwa kuliko dirisha lake.
Nimepima upana, elfu moja mia tisa na ishirini;
kimo, elfu moja na themanini, sawa na nilivyoupanga mradi.
Picha ishirini na tano kwa sekunde, kama zilivyopigwa.
Hakuna kilichopinda. Natoa tena.
Mvua inashuka na vishindo kwenye mabati ya Kadutu,
na Snel, hata hawakohoi, wanakata.
Asilimia sitini na nane
imekufa mikononi mwangu.

Tukakaa gizani, mimi na yeye na harufu ya koti lake bichi.
Hakuondoka. Nilidhani anaingoja mvua.

Hapo nikamkumbuka yule mwanafunzi wa mwaka jana,
aliyetaka ubatizo wa mtoto umfikie kaka yake Kisangani
kwa bando la franki mia tano.
"Ipunguze," alisema, "ipunguze tena, ipite."
Nikaikaba hadi biti milioni moja kwa sekunde,
nikayahifadhi yale mapimo nisihangaike siku nyingine,
nikayapa jina: Kawaida.

Tangu siku ile yote nimeyapitisha humo.
Diploma, ndoa, matanga ya mzee Zihalirwa,
watu wazima na kofia zao,
kwenye tundu nililomtobolea mtoto mmoja.
Na hakuna aliyerudi kulalamika.
Wameyachukua hivyo, wamelipa, wameshukuru.

Umeme uliporudi nilifuta lile jina.
Biti milioni kumi na mbili. Apite mara mbili,
ya kwanza akague, ya pili aandike.
Saa nzima na robo feni ikilia kama mgonjwa,
na faili likanenepa hadi gigabaiti tatu na nusu,
na Mama Nsimire kitini, pochi magotini,
hasinzii.

Nikamwekea. Bibi harusi akaingia na uso wake wote.
Mama hakumtazama.
"Peleka mbele," akasema. "Mbele. Dakika ya kumi na saba."

Dakika ya kumi na saba hakuna kitu:
wajomba wamesimama, kwaya inakosea kuingia,
nyuma kabisa mlango wa kanisa uko wazi.
Kwenye nakala zangu tatu mlangoni palikuwa na
miraba minne ya kijivu.
Sasa ni mtu. Koti la kazi, kofia mkononi,
mguu mmoja ndani, mmoja kwenye ngazi:
Baguma, kifungua mimba wake,
yule aliyeapa mbele ya ukoo mzima kwamba hatakanyaga,
kisa ng'ombe wawili wa mahari.

Sekunde nne, kisha kwaya inapata sauti
na mlango unabaki mlango.

"Rudisha."
Nikarudisha.
"Rudisha tena."
Mvua ilikwisha kitambo.
"Mkuze," akasema, "mlete karibu."
Nikamwambia, mama, nikimkuza zaidi ya hapa
atarudi kuwa miraba.

"Mkuze tu."